Nataka kujenga mota za molekuli. Je, humo mna maisha?

Swali: *"Namaliza shahada ya kwanza ya kemia. Tangu niliposoma habari za Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2016, iliyotolewa kwa waliobuni mashine za ukubwa wa molekuli, sijatulia. Nataka kujenga mota za molekuli. Mhadhiri wangu mmoja ameniambia uwanja huo umekwisha, tuzo imeshatolewa, na kwamba mota hizo ni vitu vya kuchezea tu. Rafiki zangu wananihimiza niingie kwenye viwanda vya dawa nikapate mshahara. Mwenyewe nina shaka nyingine: sielewi mwanga unaisukumaje molekuli izunguke upande mmoja tu, na naogopa kwamba kama silielewi hilo sasa, basi sina akili ya kutosha. Halafu nikikaa maabara kwa saa nyingi kichwa huniuma, naambiwa nitazoea. Je, nijitose au niache?"*

Nitaanza na jambo ulilolitaja mwishoni, kwa sababu haliwezi kungoja. Hutakiwi kuzoea. Kichwa kinachouma kila unapofanya kazi karibu na viyeyushi kinaweza kuwa na sababu nyingi, lakini ya kwanza kuchunguzwa ni kwamba unavuta mvuke. Dikloromethani, kiyeyushi ambacho sisi watu wa usanisi, yaani wajenzi wa molekuli, tunakitumia kwa lita, ikiingia mwilini sehemu yake huvunjwa na kuwa kaboni monoksidi, gesi ileile ya jiko la mkaa lililofungiwa chumbani. Pua huzoea harufu, damu haizoei. Mwone anayehusika na usalama wa maabara, umwombe apime kama kabati la kufyonza mvuke linafyonza kweli, na muangalie kama chupa za taka zinafunikwa. Kisha nenda kwa daktari ukiwa na orodha ya kemikali unazozitumia. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi katika maabara ambayo kabati lake lilikuwa limegeuzwa stoo ya chupa, hewa haipiti. Ilinichukua miezi kutambua kwamba uchovu wangu wa jioni haukutokana na kusoma sana.

Sasa tuje kwenye mwanga, maana hapo ndipo ulipojihukumu bure.

Huelewi mwanga unaisukumaje molekuli kwa sababu hauisukumi. Swali lenyewe limejengwa juu ya picha ya gari, ambamo kitu kinalipuka, kinasukuma pistoni, gurudumu linazunguka. Molekuli haiishi katika dunia hiyo. Katika maji au kiyeyushi chochote, kwenye joto la kawaida la chumba, molekuli inapigwa na jirani zake kutoka kila upande bila kupumzika. Nishati inayoipokea na kuitoa kwa vikumbo hivyo kila sekunde ni kubwa mara mamilioni kuliko ile inayotokana na mafuta yake. Mwendo basi upo tayari, tena wa kupindukia. Kinachokosekana ni mwelekeo.

Fikiria mbuzi wanaozurura ovyo ndani ya boma refu lenye malango kadhaa. Mchungaji hamgusi mbuzi hata mmoja. Anachofanya ni kuangalia: mbuzi wakijikuta wamevuka lango, analifunga nyuma yao na kulifungua la mbele. Ukiwatazama mbuzi mmoja mmoja, kila mmoja anakwenda atakako. Lakini mwisho wa siku kundi zima liko upande wa mashariki. Mota ya molekuli hufanya kazi namna hiyo, na mwanga au kemikali unayoilisha ni ujira wa mchungaji. Ujira huo haukwepeki. Kufunga na kufungua malango kwa wakati ufaao kunagharimu nishati, na pasipo ujira hakuna mwelekeo.

Tuitazame mota yenyewe, ile ambayo Ben Feringa na wenzake wa Groningen, Uholanzi, waliitangaza mwaka 1999, mwandishi wake wa kwanza akiwa Nagatoshi Koumura. Ina nusu mbili zinazofanana, kama mbawa mbili, zilizounganishwa kwa kifungo maradufu baina ya kaboni mbili. Mbawa hizo ni kubwa mno kwa nafasi iliyopo, hivyo haziwezi kulala bapa. Zinajisokota, moja ikipita mbele ya nyingine. Kila ubawa una kikundi kidogo cha methili, yaani kaboni moja yenye hidrojeni tatu, kilichokaa upande mmoja maalumu. Molekuli ikimeza mwanga wa urujuanimno, kile kifungo maradufu hulegea kwa muda mfupi mno, na ubawa mmoja hugeuka karibu nusu duara. Unapotulia, methili zimebanwa mahali pasipo na raha. Hapo mwanga umemaliza kazi yake. Joto la kawaida, yaani vile vikumbo vya majirani, ndilo linaloziwezesha mbawa kupenyezana na kuteleza hadi kwenye mkao wenye nafuu. Zikishateleza, kurudi nyuma ni kupanda mlima. Mwanga wa pili, joto la pili, na duara limekamilika: hatua nne, nyuzi 360. Hatua mojawapo ya joto katika mota ile ya kwanza ilihitaji nyuzi 60 za Selsiasi ili ikamilike.

Na kwa nini iende upande ule na si huu? Kwa sababu ya mkao wa zile methili. Molekuli hiyo ina umbo la mkono wa kulia au wa kushoto. Ukitengeneza ile iliyo taswira yake ya kwenye kioo, itazunguka kinyume. Mwelekeo umeandikwa ndani ya umbo tangu siku ya usanisi, mwanga hauna habari nao.

Ukiona aibu kwamba hukulijua hilo, nikusimulie kisa kimoja ambacho huwasimulia wanafunzi wangu wote wapya. Katikati ya miaka ya 1990, T. Ross Kelly wa Boston College alijenga molekuli nzuri sana: gurudumu lenye meno matatu, na kando yake ulimi uliopinda kama ule unaozuia gia isirudi nyuma. Kwa macho, lazima izunguke upande mmoja. Umbo la ulimi limeinama, upande mmoja rahisi, wa pili mgumu, basi. Kelly na wenzake hawakuishia kuamini macho. Walibuni njia ya kuipima kwa mashine ya NMR, inayochunguza molekuli kwa sumaku na mawimbi ya redio, wakakuta gurudumu linazunguka pande zote mbili kwa kiwango sawasawa. Wakalichapisha tokeo hilo kama lilivyo. Sheria ya pili ya thamodinamiki ilikuwa imesema tangu mwanzo kwamba umbo peke yake, bila kulipiwa nishati, haliwezi kuleta mwelekeo. Lakini kulisoma darasani ni jambo moja, na kuiona molekuli yako uliyoihangaikia ikikukatalia ni jingine. Baadaye wakaongeza mafuta ya kemikali, wakatumia kemikali iitwayo fosjini kuliwezesha gurudumu lijifunge na ulimi, na mwaka 1999 wakaripoti mzunguko wa nyuzi 120 kwa upande mmoja, katika toleo lilelile la jarida la *Nature* lililobeba mota ya Feringa.

Sijui mfano bora zaidi wa kazi hii. Kosa ulilolifanya wewe katika swali lako limepita katika vichwa vya wakemia wengi, mimi nikiwamo. Kipimo cha mtafiti ni kwamba akishalidhania jambo, anatafuta namna ya kulipima kwa uaminifu, hata jibu likija kinyume na alichokitamani. Kwa hiyo usiniambie huna akili ya kutosha. Niambie kama una subira hiyo.

Uwanja umekwisha kwa sababu tuzo imetolewa? Mhadhiri wako huenda anataka kukukinga na maumivu, lakini kwa hoja hiyo uwanja huu ulikwisha mwaka 1987. Mwaka huo Charles Pedersen, Donald Cram na Jean-Marie Lehn walipewa Nobel kwa kazi iliyozaa kile ambacho Lehn alikuwa ameshakiita kemia ya supramolekuli: kemia ya molekuli zinazotambuana na kushikana bila kuunganishwa kwa vifungo vya kudumu. Mota zote tunazozizungumzia zilikuja baada ya hapo.

Pedersen aniruhusu nikae naye kidogo, kwa kuwa nampenda. Alizaliwa Busan, Korea, mwaka 1904, hakuwa na shahada ya uzamivu, na alifanya kazi DuPont, kampuni ya kemikali ya Marekani, kwa miaka 42. Mwaka 1962 alikuwa akitafuta kitu kingine kabisa, akapata mchafuko, na ndani yake fuwele nyeupe kama nyuzi za hariri, kiasi cha asilimia 0.4 tu. Wengi wetu tungezimwaga. Yeye akauliza ni nini. Zilikuwa pete zenye oksijeni ndani, etha za taji, ambazo ioni ya potasiamu inakaa katikati yake kama kito katika pete. Alipochapisha mwaka 1967 alikuwa amepita miaka 60.

Kutoka hapo uzi unaendelea. Jean-Pierre Sauvage, aliyekuwa mwanafunzi wa Lehn huko Strasbourg, Ufaransa, alikuwa akishughulika na kemia ya mwanga alipoona kwamba ioni ya shaba inaweza kushika vipande viwili katika mkao unaowezesha pete mbili kufungwa moja ndani ya nyingine, kama viungo vya mnyororo. Kabla yake, pete hizo zilipatikana kwa shida, kidogo mno. Mwaka 1983 kundi lake lilipata asilimia 42. Mwaka 1991 Fraser Stoddart akawa na pete inayosafiri kwenye mhimili kati ya vituo viwili. Hao wawili pamoja na Feringa ndio waliopewa tuzo ya mwaka 2016.

Yaliyobaki ni mengi, na baadhi yake ni magumu kuliko yaliyofanyika. Mwaka 2015 watu wa Strasbourg walifunga mota nyingi ndani ya jeli, wakaimulika, nayo ikajikunja kadiri mota zilivyosokota nyuzi zake. Mwendo wa kiwango cha nanomita ukaonekana kwa macho. Mwaka 2016 kundi la David Leigh la Manchester lilionyesha mota inayozunguka yenyewe mradi kuna mafuta ya kemikali, bila mtu kuigusa hatua kwa hatua. Lakini mafuta hayo huacha taka, na taka zikijaa kazi huharibika. Mota nyingi za mwanga bado zinapendelea urujuanimno, ambao huziumiza zenyewe pamoja na kila kilicho karibu. Sehemu kubwa ya nishati hupotea. Tena kuzifanya molekuli bilioni na bilioni ziende kwa pamoja, kama misuli inavyofanya, hatujaweza isipokuwa kidogo. Mwili wako unafanya hivyo sasa hivi: kimeng'enya kinachotengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati, katika seli zako kinazunguka, na kila mzunguko mmoja hutoa molekuli tatu. Sisi tuko mbali nacho.

Kwenye suala la vitu vya kuchezea, hapo mhadhiri wako ana sehemu ya ukweli, nami sitakuficha. Roboti zinazoogelea katika damu zikitafuta saratani, kama ulizisoma mahali, ziondoe kichwani unapopanga maisha yako. Mota ya Feringa haijawa bidhaa ya dukani. Mwaka 2007 watu walitengeneza kumbukumbu ya kompyuta ya biti 160,000 kwa rotaksani, yaani molekuli za pete iliyovishwa kwenye mhimili, jambo la kustaajabisha, lakini biti nyingi hazikufanya kazi na molekuli zilichoka haraka. Kamati ya Nobel yenyewe ililinganisha mota ya molekuli na mota ya umeme ya miaka ya 1830, wakati wanasayansi walipokuwa wakionyeshana magurudumu yanayozunguka bila kujua yangezaa nini. Ulinganisho huo unatia moyo na pia unaonya, kwani waliozungusha magurudumu yale wengi wao hawakuishi kuona matumizi.

Ila usichanganye mota na uwanja mzima. Kemia ya supramolekuli iko tayari hospitalini. Daktari wa usingizi anapompa mgonjwa rokuronium ili misuli ilegee kwa ajili ya upasuaji, kuna dawa iitwayo sugamadeksi inayoweza kuiondolea nguvu. Hiyo ni pete ya sukari yenye uwazi katikati. Inaimeza rokuronium ndani ya uwazi huo, inaishikilia, na misuli inarudi kufanya kazi ndani ya dakika chache. Ilikubaliwa Ulaya mwaka 2008 na Marekani mwaka 2015, na ilibuniwa na wakemia wa kiwandani. Kwa hiyo wale rafiki zako wanaokuambia "nenda kwenye dawa" hawakuelekezi mbali na unachokipenda kama wanavyodhani.

Nikueleze basi siku ya kawaida ya mjenzi wa mota, maana ndiyo utakayoishi nayo. Si kutazama kitu kinachozunguka. Ni usanisi. Molekuli ya namna hii inaweza kuhitaji hatua 15. Hata kila hatua ikikupa asilimia 80, ambayo ni nzuri, ukifika mwisho umebaki na karibu asilimia 3.5 ya ulichoanza nacho. Unaanza na chupa iliyojaa, unamaliza na unga wa ncha ya kisu. Kati yake kuna safu za kromatografia, za kutenganisha kemikali, zisizohesabika, mimenyuko inayokufa bila sababu, na wiki nzima ya kugundua kwamba kiyeyushi kilikuwa na maji. Baada ya hapo ndipo unapokwenda kwenye NMR na vipimo vya mwanga kuuliza kama kitu chako kinazunguka, na jibu la kwanza kwa kawaida huwa halieleweki. Mimi nimewahi kutumia mwaka na nusu kwa molekuli ambayo hatimaye ilivunjika mara tu ilipomulikwa. Niliumia. Lakini njia niliyojifunza ya kuisafisha nimeitumia mpaka leo.

Kama maelezo hayo yamekuvutia, hata kwa woga, hiyo ni dalili nzuri. Kama umeyaruka ukitafuta sehemu ya roboti, jiulize tena.

Kuhusu ajira nitasema wazi. Nafasi za uprofesa ni chache mno kuliko wenye shahada za uzamivu, na kabla ya kuipata wengi hupitia mikataba mifupi miwili au mitatu, mara nyingi kwa kuhamahama. Usiingie ukiwa na mpango huo mmoja tu. Ingia ukihesabu kwamba miaka ya uzamivu itakupa ufundi unaoajirika: usanisi wa hatua nyingi, kutenganisha na kusafisha, kusoma NMR, kupima kasi ya mimenyuko, kuandika. Viwanda vya dawa, rangi, plastiki na vitambuzi huutafuta ufundi huo bila kujali kama molekuli yako ilizunguka. Kosa ninaloliona ni mwanafunzi kuingia kwenye kundi linalompa jina la kuvutia bila ufundi: anakabidhiwa molekuli zilizokwisha tengenezwa, anapima kitu kimoja miaka minne, anatoka hajui kujenga chochote.

Kuanza kiwandani nako si kusaliti ndoto. Feringa mwenyewe alifanya kazi Shell tangu 1978 hadi 1984 kabla ya kurudi Groningen. Stoddart alikaa miaka mitatu kwenye maabara ya ICI, kampuni ya kemikali ya Uingereza, na kurudi na mawazo mapya. Hatari yake ni kwamba mshahara ukishaingia na majukumu yakaongezeka, kurudi kunahitaji uamuzi mgumu. Wengine hawarudi, na wengi wao hawajuti. Kama nyumbani kuna wanaokutegemea sasa hivi, njia hiyo ina heshima yake na mimi singeibeza.

Ningekuwa wewe, nafasi ikiwepo, ningechagua uzamili au uzamivu wenye ufadhili kamili, katika kundi la supramolekuli linalofundisha usanisi na upimaji kwa pamoja, hata kama mradi wenyewe si mota bali pete za kunasa ioni. Nisingejilipia uzamivu mwenyewe. Na ningemchagua msimamizi kabla ya mada.

Hapa ndipo barua yangu inapofika kikomo, kwa sababu mambo mengine hayasomeki kwa mbali. Siwezi kujua kama mikono yako inatulia kwenye benchi; mtu aliyekuona maabara anaweza. Mrudie yule mhadhiri, si kwa kubishana, umuulize ana kwa ana alichomaanisha, kwa kuwa huenda aliona jambo katika kazi yako ambalo hakulisema. Omba miezi miwili au mitatu ya mafunzo kwa vitendo katika kundi lolote la usanisi kabla ya kusaini mkataba wa miaka. Ukitembelea kundi, zungumza na wanafunzi wake msimamizi akiwa hayupo, uwaulize waliotangulia wako wapi sasa na ilichukua muda gani kumaliza. Wakitazamana kabla ya kujibu, umeshajibiwa. Na ikiwa wasiwasi huu unakunyima usingizi au hamu ya kula, mwone mshauri wa wanafunzi hukohuko chuoni. Hayo hayatatuliwi na ushauri wa kazi.

Lakini hayo yote yana muda. La kabati la mvuke lifanye kesho asubuhi, kabla hujafungua chupa yoyote.